Ruzuku ya petroli na stima: hakuna fomu ya kujaza, lakini kuna vya kupata (jibu kutoka Lamu)

Assalam aleikum wanajukwaa.

Nimelisoma swali la ndugu yetu wa Malindi mara mbili. Anavua na boti yake Ngomeni, nyumbani ana friza mbili za samaki, na anauliza serikali ina ruzuku gani kwa mtu anayetaka kupunguza petroli na stima, na fomu inajazwa ofisi gani. Amesema pia kuna mtu amemtaka elfu tatu "ya usajili" ili jina lake liingie kwenye orodha.

Usimpe. Naanza na hilo kwa kuwa wangu nilimpa. Yangu ilikuwa elfu mbili. Alikuja na faili la buluu na muhuri, akaipiga picha boti yangu pande zote kama anayeiposa, akaondoka na boti ya saa tisa. Simu yake mpaka leo haishikiki.

Jibu lenyewe ni kwamba kwa watu wa kiasi chetu ruzuku ya kubana matumizi haiji mkononi. Imejificha kwenye kodi ambayo hukutozwa uliponunua kitu, na kwenye daraja la bei ambalo mita yako imewekwa. Hakuna fomu, na vyote viwili vinaweza kukupita umesimama papo hapo. Mimi nina boti ya abiria, kati ya Lamu na Mokowe ng'ambo bara, na vyumba vinne vya wageni mtaa wa Langoni, kwa hiyo mchana nachomwa na petroli, usiku nachomwa na stima. Nitasema yaliyonipata.

Februari 2021 nilipanda basi mpaka Mombasa nikanunua paneli nne za sola, inveta na betri mbili. Vifaa vya sola vilikuwa vimesamehewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa miaka, lakini 2020 msamaha ukaondolewa, na mimi habari hizo sikuwa nazo. Risiti ninayo bado ndani ya daftari la boti: mstari wa chini VAT 16%, jumla yake imenikodolea macho. Julai mwaka ule ule Sheria ya Fedha ikaurudisha msamaha. Ningengoja mfungo upite na Idi ipite, ningelala na pesa zangu.

Hiyo si sehemu inayoniuma zaidi. Jirani yangu alinunua Septemba, duka lile lile, paneli za aina ile ile. Aliporudi tukaketi barazani tukaweka risiti mbili magotini. Yake kweli haina VAT. Lakini jumla yake ilikuwa chini ya yangu kwa shilingi mia nane. Tukampigia mwenye duka, akasema dola imepanda. Dola ilikuwa karibu shilingi 110 Februari na karibu 110 Septemba. Baadaye akasema nauli za makontena, na hilo naweza kumpa nusu, maana mwaka ule kweli nauli za meli zilipaa. Nusu, si zaidi. Msamaha ulitoka Nairobi, ukafika Mombasa, ukapanda kwenye rafu ya duka ukakaa pale.

Kwa hiyo ukienda kununua, usiulize "bei gani". Uliza bei bila kodi ni ngapi na kodi ni ngapi, uombe risiti ya mashine, na upite maduka matatu. Na kabla ya hapo uliza Sheria ya Fedha ya mwaka huo inasemaje, kwa sababu mambo haya hugeuka kila Julai kama upepo wa kusi. Gesi ya kupikia ni mfano mzuri. Tarehe 1 Julai 2021, siku ile ile sola inasamehewa, gesi ikatiwa VAT ya 16%. Mwaka 2022 ikashushwa 8%. Julai 2023 ikaondolewa kabisa. Mtu aliyepanga nyumba yake ihame kutoka makaa kwenda gesi alipanda na kushuka ngazi hiyo yote na mtungi mabegani. Kwangu mtungi wa kilo 13 hupanda boti, kisha punda, ndipo ufike jikoni, na hakuna sheria ya fedha inayomgusa punda.

(Mke wangu ametaka niandike hili: chai, uji na samaki wa kukaanga kwa gesi sawa, lakini wali wa nazi ni seredani, upaliwe makaa juu ya kifuniko. Nimepima. Konzi mbili za makaa yaliyobaki ndizo zinazomalizia sufuria nzima. Sina la kubishana.)

Sasa stima. Hapa wengi ndipo wanapopoteza bila kujua. Mita ya nyumbani iko katika daraja kulingana na wastani wa yuniti ulizotumia miezi mitatu iliyopita. Zamani ukikaa chini ya yuniti 100 kwa mwezi ulihesabiwa mtumiaji mdogo na bei yako ilikuwa nafuu. Aprili 2023 mpaka huo ulishushwa hadi yuniti 30. Bei ya msingi wakati ule, kabla ya gharama ya mafuta ya mitambo, tozo nyingine na VAT, ilikuwa karibu shilingi 12 kwa yuniti kwa walio chini ya 30, karibu 16 kwa wa 31 mpaka 100, na karibu 21 kwa waliopita hapo. Na daraja linakushika kwenye yuniti zako zote, si zile zilizozidi tu.

Mama yangu anakaa peke yake nyumba ya pili kutoka kwangu. Alikuwa akitumia yuniti kama 60, ana raha zake, hamdai mtu. Mwezi ule wa Aprili akaniita. Ameshika simu mbali na macho, anasoma ujumbe wa tokeni: "Mwanangu, mia tano hii ni ile ile ya mwezi uliopita? Mbona yuniti zimekonda?" Nikamweleza mambo ya daraja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo nikitumia kidogo nalipa kidogo mara mbili." Sijamsikia mtu wa ofisini akilieleza vizuri hivyo.

Tukaikagua nyumba. Taa tulishabadilisha zamani. Alikuwa na zile balbu za kujipinda tangu 2010, wakati kampuni ya stima ilipogawa bure kwa kubadilishana na zile za waya, na zilipokufa tukatia LED. Pasi anapiga mara moja kwa wiki. Mla stima alikuwa friji, la mtumba, mpira wa mlango umekakamaa. Weka noti ya mia kati ya mlango na fremu, ufunge, uivute. Ikitoka bila kukwama, baridi nayo inatoka hapo hapo usiku kucha. Noti ya mama ilianguka yenyewe chini kabla sijaivuta.

Suluhisho alilichagua mwenyewe, na si lile nililopendekeza. Friji aliuza kwa fundi, samaki wake akaleta kwenye friza langu. Miezi mitatu baadaye yuko yuniti 22, daraja la chini, na mimi ndiye ninayelipa baridi ya samaki wake. Akiba ya taifa sijui imeongezeka kiasi gani, lakini ya mama imeongezeka.

Kwako wewe wa friza mbili, usihangaike na yuniti 30, hutafika. Angalia kwanza kama hizo friza zote mbili hujaa. Friza nusu tupu linakula karibu sawa na lililojaa, na kila ukilifungua linavuta hewa ya moto ya Malindi. Siku za samaki wachache zima moja, jaza pengo la pili kwa chupa za maji. Lisogeze mbali na ukuta kiganja kimoja mgongo wake upumue. Na ukinunua jipya, tafuta karatasi ya nyota. Kanuni za 2016 zinataka friji, kiyoyozi na taa ziwe na lebo ya nyota za matumizi ya nishati, kutoka moja hadi tano, nyingi ndiyo nafuu. Duka nililokwenda mimi walikuwa wameibandua "isichafue mlango". Nikawaambia basi nami sitaki kuchafua pochi yangu, nikatoka.

Boti. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa yako ilipo, na ndipo serikali imekusahau kabisa.

Petroli unayonunua, bei yake ya juu hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi. Ndani ya kila lita kuna ushuru wa kutengeneza barabara. Ulikuwa shilingi 18, Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Mimi nilikuwa nikichoma lita 40 hivi kwa siku. Shilingi elfu moja kila siku, siku 26 za kazi, elfu ishirini na sita kwa mwezi, nachangia lami. Naishi kisiwa ambacho gari zake unazihesabu kwa vidole na ukabakiwa na vidole vya kushikia kikombe. Barabara yangu ni mkondo wa Mokowe, na shimo likiwepo ni fungu la mchanga. Nimelisema hili kwenye vikao zaidi ya kimoja, watu wakacheka vizuri, tukanywa soda.

Ruzuku ya kweli ya mafuta niliyowahi kuiona ni ile ya 2021 na 2022, serikali ilipokuwa ikishikilia bei ya pampu. Ya petroli ilikatwa Septemba 2022. Nilifaidika nayo, sikatai, lakini haikuwa ya kubana matumizi. Anayechoma zaidi ndiye aliyesaidiwa zaidi. Mwenye gari kubwa Nairobi alipata kuliko mimi, na mimi nikapata kuliko mvuvi wa dau la tanga ambaye hachomi chochote. Kinyume chake ni mafuta ya taa: 2018 yalitiwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili watu waache kuyachanganya kwenye dizeli. Bei ikafanya kazi iliyowashinda polisi. Kwa hiyo wanajua kutumia bei wakitaka.

Baada ya kuliwa ile elfu mbili niliamua kujipa ruzuku mwenyewe. Nikachukua mtungi wa lita 20, ule mweupe unaoonyesha mafuta kwa nje, nikauchora mstari kila lita kwa kalamu nene. Nikaufunga huo peke yake kwenye mashini. Mwanangu akashika saa. Kwenda Mokowe na kurudi, abiria kumi, mkono wa mafuta umefunguliwa mpaka mwisho kama tulivyozoea: lita 7, dakika 27 za majini. Safari iliyofuata nikafungua mpaka boti ikapanda juu ya maji, kisha nikarudisha mkono taratibu, nasikiliza. Kuna mahali mashini inaacha kulia na inaanza kuguna. Omo, pua ya boti, bado iko juu, povu la nyuma limelala. Hapo nikaacha. Lita tano na nusu, dakika 33.

Dakika sita. Abiria mmoja tu aliuliza kama mashini ina homa.

Kwa safari sita za siku ni lita 9 zimebaki kwenye mtungi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya kwenu. Manahodha wenzangu walinicheka wiki ya kwanza, kwa kuwa pale jeti kukimbia ni sifa. Wiki ya pili wawili walikuja kuazima kalamu.

La pili, tumbo la boti. Majani na makombe yakishika chini, hata kama ni unene wa wembe, mashini inasukuma msitu. Wazee walijua. Jahazi lilipandishwa pwani, likakwanguliwa, likapakwa deheni, na hakuna aliyewapa semina ya nishati. Sisi wenye fiba tumejidanganya kwamba fiba haishiki uchafu. Mimi niliikwangua baada ya miezi minane na ikanirudishia karibu nusu lita kila safari. Tazama na propela. Yangu ilikuwa na jani moja limepinda kidogo tu, umbo la ukucha, lilipogonga mwamba mlango wa Mkanda maji yakiwa mafu. Mtetemo nilikuwa nimeuzoea nikadhani ndiyo tabia ya mashini.

Oili je? Mashini yangu ya zamani ilikuwa ya kuchanganya. Kitabu kinasema sehemu 50 kwa 1, yaani mtungi wa lita 20 unataka oili mililita 400. Sisi tulikuwa tukimimina chupa nusu lita na tone la ziada "kwa usalama". Usalama ule ulikuwa unatoka nyuma kama moshi wa buluu na kuelea kama upinde wa mvua pale watoto wanapoogelea. Mwaka juzi nikakopa kwenye chama nikachukua mashini ya mipigo minne, isiyochanganywa oili. Safari ile ile sasa ni lita 4 na kidogo. Ile ya kuchanganya hutupa sehemu ya petroli nje haijaungua, hii haitupi. Ubaya wake: ni nzito, fundi wake si kila mahali, na ikiingia maji ya chumvi hutaikarabati kwa waya na sabuni. Deni langu nilihesabu litakwisha kwa miaka miwili, litafika mitatu.

Kuhusu msaada wa mashini: ukija, huja kwa kikundi kupitia BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), hauji kwa mtu mmoja. Kama BMU yenu ya Ngomeni inalala, iamsheni, muwe na kumbukumbu za vikao na akaunti ya benki. Ni kazi ya kuchosha, ila haina mtu wa faili la buluu.

Wengine wameuliza chini ya swali hili mambo makubwa zaidi, nipite haraka. Kiwanja cha sola cha Langobaya, kilichoanza kazi 2021, cha megawati 52 za paneli, hakimpi mtu wa Malindi bei nafuu. Stima yake inaingia kwenye gridi ya taifa na bei ni moja kwa wote. Ukikipita unaweza kujivunia tu, kujivunia hakuna VAT.

Kuingiza stima ya sola yako kwenye gridi ili uhesabiwe kumeruhusiwa kwa kanuni za 2024, kwa mtambo usiozidi megawati 1. Lakini wanakuhesabia nusu ya kile ulichoingiza: ukitoa yuniti 100 unadai 50. Kwa mwenye hoteli kubwa au shule huenda ikafaa. Kwa paneli nne zangu, afadhali nile mwenyewe. Pampu ya maji ya wageni huwashwa saa saba mchana, nguo hufuliwa saa nne, na simu za boti huchajiwa kabla ya alasiri. Betri naziachia usiku wa feni.

Piki za umeme nazo zimepata yao. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme, wakati ule shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na 8 usiku wa manane, nusu kabisa. Vijana wa boda na tuktuk wa Malindi wapige hesabu hiyo. Boti haikutajwa, bila shaka.

Na hoteli. Shemeji yangu ni fundi katika hoteli moja ya pwani huko Malindi. Kituo kinachotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka, kanuni za 2012 zilikilazimisha kufanya ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyogunduliwa. Hicho ni kiboko, si peremende. Lakini anasema mkaguzi alipokuja hakuanza na viyoyozi. Aliomba kuonyeshwa pampu ya bwawa, akauliza nani aliamua izunguke saa 24. Hakuna aliyejua. Aliyeiwasha mara ya mwisho alishastaafu. Wameipunguza hadi saa tisa kwa siku na maji ni yale yale, Wataliano wanaogelea.

Sasa swali lako la mwisho, kama ungoje serikali itoe ruzuku ya mashini mpya au ununue. Sikwambii ununue kesho, deni ni deni. Ila usingoje. Anza na mtungi na kalamu, halafu tumbo la boti. Wiki hii ni bamvua, maji yanakupwa sana saa nne asubuhi na boti inakaa kavu mpaka karibu na adhuhuri. Yangu naipandisha kesho upande wa Shela, kikwangulio ninacho kimoja tu, na mama ameshasema anataka samaki wake watolewe kwenye friza kabla sijaondoka.